Kiharusi: Kudra ya Mungu na Uzembe wa Waja

Tumeulizwa suala na baadhi ya ndugu zetu wa Pwani wenye jamaa zao Nairobi, na kwa kuwa suala lenyewe lawahusu wengi, tumeona ni bora kulijibu hapa wazi kuliko kumjibu mmoja mmoja kwa barua. Suala ni hili: mtu apatwa na kiharusi usiku nyumbani kwake, Kayole au Dandora au Majengo. Jamaa zake wahangaika, saa zapita, na afikishwapo mbele ya daktari bingwa, waambiwa kwamba wakati wa dawa umekwisha. Mtu huyo afa, au asalimika na nusu ya mwili wake haina kazi. Je, yatosha kusema ndivyo alivyoandikiwa, tukanyamaza? Au wako watakaoulizwa juu ya jambo hilo, na ni kina nani?

Kulihukumu jambo kabla ya kulifahamu ni kujidanganya. Kwa hivyo tuanze kwa kueleza kiharusi ni nini. Si pepo aliyempanda mtu, wala si husuda ya jirani, wala si upepo mbaya wa usiku. Ni maradhi ya mishipa ya damu ya bongo. Nayo ni namna mbili: ama mshipa huzibwa na donge la damu, sehemu ya bongo ikakosa damu na ikaanza kufa; ama mshipa hupasuka, damu ikamwagika ndani ya kichwa. Namna ya kwanza ndiyo iliyo nyingi zaidi duniani, ijapokuwa ile ya pili hupatikana kwetu Afrika kwa wingi kuliko Ulaya. Lakini kwa dalili za nje namna hizi mbili hufanana, hata daktari hodari hawezi kuzipambanua kwa macho yake. Hapana budi ipigwe picha ya ndani ya kichwa kwa ule mtambo ambao watu huuita siti skani, kwani dawa imponyayo wa namna ya kwanza yaweza kumwua wa namna ya pili.

Na hili la kwamba maradhi haya yana sababu mwilini si elimu ngeni iliyoletwa juzi na wazungu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika kitabu chake cha tiba kwa majina ya sakta na faliji, akaitafuta sababu yake katika kuziba kwa mapito ya bongo, si katika mashetani. Basi ni aibu iliyoje kwamba leo, karibu miaka 1,000 baada yake, Mwislamu wa mjini akimwona babake mdomo umekwenda upande, wa kwanza kuitwa ni mganga wa kupunga!

Wala hatusemi haya kwa kuwadhania watu vibaya. Katika nchi jirani ya Tanzania wataalamu walihesabu wagonjwa wa kiharusi baina ya mwaka 2003 na 2006 katika sehemu za Dar es Salaam na katika wilaya ya Hai iliyo chini ya mlima Kilimanjaro. Baada ya kusawazisha umri wa watu, walikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai karibu 109. Na wengine waliochunguza fikira za watu katika sehemu hizo mbili walikuta kwamba waliokuwa wepesi zaidi kuunasibisha ugonjwa huo na mashetani na uchawi ni watu wa Dar es Salaam, si watu wa shamba. Tazama, ewe msomaji: mji wa pwani, wenye hospitali kubwa na misikiti mingi, ndio wenye kiharusi kingi zaidi, na ndio uliokuwa mbele katika kukipeleka kusikokuwa na dawa yake.

Sasa tuje kwenye wakati, kwani ndio roho ya suala hili. Mwaka 1995 ulitangazwa Marekani uchunguzi wa wagonjwa 624 wa kiharusi cha kuziba. Nusu yao walipewa dawa ya kuyeyusha donge la damu katika muda wa saa 3 tangu dalili ya kwanza. Baada ya miezi 3 ilionekana kwamba waliopewa dawa walikuwa na nafasi zaidi, kwa kadiri ya theluthi moja, ya kurudi katika hali yao au karibu na hali yao. Lakini dawa hiyo si hirizi: kiasi cha 6 katika kila 100 waliopewa walitokwa na damu bongoni, nao wasiopewa hawakufika hata 1 katika 100. Mwaka 2008 uchunguzi wa Ulaya ulionyesha kwamba faida hubaki mpaka saa 4 na nusu, ingawa hupungua kila muda unapokwenda. Na mwaka 2015 zilithibitika tafiti kadhaa za tiba nyingine, ya kupitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja mpaka kichwani na kulivuta donge lenyewe, kwa wale ambao mshipa wao mkubwa umezibwa. Wataalamu wamekadiria kwamba katika kiharusi kikubwa kisichotibiwa, seli za bongo zipatazo milioni 2 hufa kila dakika. Haya ndiyo maana ya kusema kwamba mgonjwa huyu hana kesho. Wa homa waweza kumngojea mpaka asubuhi. Huyu, asubuhi yake imekwisha liwa na usiku.

Basi tuutazame mji wa Nairobi. Mitaa yake ya mashariki, Pumwani na Shauri Moyo, Kaloleni na Makongeni, Bahati na Jericho, ilijengwa zama za mkoloni kwa ajili ya Waafrika, wafanyakazi wa reli na wa manispaa na watumishi wa nyumba za watu. Baada ya uhuru ikaongezeka Buruburu na Umoja, Dandora na Kayole, mpaka watu wakawa malaki kwa malaki. Ama hospitali kubwa, ziliwekwa upande wa pili. Hospitali iliyo leo Kenyatta iko juu ya kilima magharibi ya mji. Ile iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya wazungu, iitwayo sasa Nairobi Hospital, iko jirani yake. Na Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, iko Parklands. Mashariki paliwekwa nyumba ya wazazi ya Pumwani, tangu mwaka 1926. Na hospitali ya umma ya Mama Lucy Kibaki haikupatikana huko mpaka karne hii. Mkoloni amekwenda zake tangu mwaka 1963, lakini ramani yake ingali ikihukumu nani atakuwa karibu na tiba na nani atakuwa mbali nayo. Toka Kayole mpaka Kenyatta ni zaidi ya kilomita 10, na anayeijua barabara ya Jogoo wakati wa magharibi ajua kwamba kilomita hizo zaweza kula saa nzima au zaidi. Na kabla ya safari pana kutafuta gari, na kabla ya gari pana kushauriana, na baada ya kufika pana foleni, na picha, na msomaji wa picha. Saa 4 na nusu si nyingi.

Hapa ndipo msemaji husema: Hayo yote ni kudra. Aliyeandikiwa kufa atakufa hata akilala mlangoni mwa hospitali.

Twasema: kudra twaiamini, wala hapana muumini asiyeiamini. Lakini kuna tofauti baina ya kuiamini kudra na kuifanya kuwa pazia la uzembe. Khalifa Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake. Aliposutwa kwamba aikimbia kudra ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba aitoka kudra moja kwenda kudra nyingine. Maana yake, dawa nayo ni katika kudra, na gari la wagonjwa ni katika kudra, na daktari aliyelala au aliyeamka ni katika kudra. Mwenye kusema kudra ndiyo iliyomzuia mgonjwa asifike, na aseme pia kudra ndiyo itakayomzuia mwizi asishitakiwe. Hasemi hivyo mtu duniani. Tukiibiwa, hukumbuka sababu. Tukizembea, hukumbuka kudra. Hilo si tawakali.

Liko suala jingine zito zaidi kuliko hilo, na wenye akili huliuliza. Wao husema: Dawa hii hamponyi kila mtu. Wapo waliopewa wasipone, na wapo wasiopewa wakapona. Basi hamwezi kusimama juu ya kaburi lolote mkaapa kwamba huyu lau angaliwahi angaliishi. Ikiwa hapana aliyethibiti kuuawa kwa kuchelewa, vipi patakuwa na mwenye kosa?

Jawabu ni kwamba kosa halingojei maiti. Mtu akichimba kisima katikati ya njia ya watu, akakiacha wazi bila kifuniko, amekwisha kosa siku ile ile, hata asipotumbukia mtu mwaka mzima. Wala haitoshi kumwokoa kusema kwamba aliyetumbukia huenda alikuwa kipofu na angaliumia pengine kwa jambo jingine. Kosa lake ni kuiacha njia katika hali ile ilhali aweza kuifunika. Hivyo ndivyo ilivyo katika suala letu. Hatumshitaki mtu maalumu kwa kifo cha mtu maalumu, kwani hilo ni ghaibu. Twasema kwamba mji uliokwisha jua kuwa tiba iko, na kwamba haifai ila kwa saa chache, kisha ukaiacha njia ya tiba hiyo bila kutengenezwa kwa malaki ya wakazi wake, umeacha kisima wazi.

Na wajibu wa kukifunika ni wa nani? Kutibu wagonjwa ni katika fardhi za kifaya: wakisimama nayo wa kutosha, wengine wamesalimika, wasiposimama, dhambi huwaenea wote wawezao. Lakini huenea kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja. Watu wengi huifahamu fardhi ya kifaya kinyume chake, wakadhani ya wote maana yake si ya yeyote. La, maana yake kila mmoja ana fungu lake.

Fungu la watawala ndilo kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na sheria ya afya ya mwaka 2017 imelitilia nguvu jambo hilo. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2023 nayo imeanzisha mfuko wa matibabu ya dharura na maradhi sugu. Karatasi ni njema. Lakini mwezi wa Oktoba 2015, na Katiba hiyo ikiwapo, majeruhi mmoja alizungushwa mjini Nairobi ndani ya gari la wagonjwa kwa muda wa saa 18 akitafutiwa kitanda cha mahututi, kisha akafariki. Na mwaka huo huo wa 2015 serikali ilianza kukodi mitambo ya tiba kwa hospitali za kaunti zote 47. Baadaye Baraza la Seneti lilipochunguza, ilidhihirika kwamba mitambo mingine ilikaa mahali pake bila ya kazi, kwa kukosa wataalamu au umeme au chumba cha kuiweka. Funzo lake ni kwamba hospitali kuwa tayari si kuwa na mtambo. Ni kuwa na mtambo, na mtu wa kuuendesha saa 9 za usiku, na mwenye kuisoma picha papo hapo, na muuguzi ajuaye la kufanya, na dawa kabatini. Kimoja kikikosekana, vyote vimekosekana.

Fungu la matabibu na wasimamizi wa hospitali ni kutoweka mkono wa karani mbele ya mkono wa daktari. Mgonjwa huyu aangaliwe kwanza, hesabu zije nyuma.

Hapa twapingwa kwa hoja ya fedha. Husemwa: Gharama za mtambo mmoja na dawa ya kuyeyusha donge zingenunua vidonge vya presha kwa watu maelfu, na presha ndiyo mama wa kiharusi. Je, si uadilifu zaidi kuwakinga wengi kuliko kumwokoa mmoja?

Hoja hii ni ya kweli kwa nusu yake. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu 1 katika kila watu wazima 4 wa Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa presha hata mara moja maishani. Kupima presha ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi hata ufa hatujautazama. Kwa hivyo, mwenye kutanguliza kinga twamuunga mkono. Lakini nusu ya pili ya hoja ni batili, kwa sababu wengi waisemao hawatoi fedha kwa tiba wala kwa kinga. Huitaja kinga ili waikwepe tiba, na kesho wakiombwa kinga watataja jambo jingine. Tena huyu aliyekwisha anguka leo ana haki yake leo, na haki hiyo haifutwi kwa kumwambia kwamba ilimpasa kupimwa mwaka jana.

Zaidi ya hayo, kuwa tayari kuna daraja zake, wala si zote za ghali. Daraja ya kwanza ni kuwakusanya wagonjwa wa kiharusi mahali pamoja wodini, mbele ya wauguzi waliofunzwa: kumjaribu mgonjwa kama aweza kumeza kabla ya kumpa chakula, kuiangalia homa yake na sukari yake, kumgeuza asipate vidonda, kumwanzisha mazoezi mapema. Imethibiti kwa tafiti nyingi kwamba utaratibu huu peke yake hupunguza vifo na ulemavu, na hufaa namna zote mbili za kiharusi. Hili lahitaji watu na nidhamu kuliko mashine. Daraja ya pili ni picha ya kichwa usiku na mchana. Daraja ya tatu ni dawa ya kuyeyusha donge. Daraja ya nne, ya kulivuta donge kwa waya, yatosha kuwa katika hospitali chache, ilimuradi nyingine zijue njia ya kuwafikisha wagonjwa huko kwa haraka. Na katika kanuni za wanazuoni wetu ni kwamba kisichowezekana chote hakiachwi chote. Asiyeweza daraja ya nne hana udhuru wa kuiacha ya kwanza.

Ama fungu la matajiri wetu, na wa Pwani ni miongoni mwao, tuwakumbushe kwamba hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyojengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284, ilikuwa wakfu, ikipokea tajiri na maskini bila ya malipo. Wazee wetu waliona kwamba kitanda cha mgonjwa ni sadaka yenye kuendelea kama mkeka wa msikiti. Leo twaona fedha zikimiminwa katika harusi za siku saba na karamu za matanga, na mtaa mzima hauna gari moja la wagonjwa wala mashine moja ya kupimia presha. Hatukatazi furaha, lakini twauliza mizani iko wapi.

Limebaki fungu la mwenye nyumba, nalo ni jepesi na halihitaji serikali. Ajue dalili: mdomo kwenda upande kwa ghafula, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kupinda au kupotea, jicho kukosa kuona, au mwili kupoteza mizani. Zikitokea, hata kama zimeondoka baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye mtambo wa picha, na ulizeni leo, kabla ya siku hiyo, ni ipi iliyo karibu na kwenu. Asipewe maji wala chakula, kwani yaweza kumpalia. Asipewe aspirini wala vidonge vya presha vya jirani, kwani haijajulikana bado kama mshipa umeziba au umepasuka. Ukumbukwe wakati alipoonwa mzima mara ya mwisho: aliyelala baada ya Isha akaamka kwa Alfajiri amepooza, saa zake zahesabiwa tangu Isha, lakini asiachwe kupelekwa kwa sababu hiyo. Na mwenye kutaka kumsomea na amsomee, lakini amsomee garini.

Aliyechelewa kwa kutojua hana lawama kwa alichokuwa hakijui. Lakini ujinga wake una wenyewe: sisi tunaopanda mimbari kila Ijumaa tukawahutubia watu hawa, wala tusiwaambie neno hili, tuna fungu letu la kuulizwa. Na kwa aliyekwisha soma mpaka hapa, udhuru wa kutojua umeondoka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe sisi tuliobaki akili ya kutengeneza njia kabla ya mtu mwingine kutumbukia.